Breki Nayo ni Salamu

Zipo methali mbili za Kiswahili juu ya mgeni ambazo aghalabu kila mmoja wetu amezisikia tangu utotoni. Ya kwanza yasema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Ya pili yasema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Juma hili tumependa kuzipima methali hizo mahali ambapo hazikuzaliwa: kaskazini mwa Ulaya, katika nchi za Uswidi, Norwe, Denmaki na Ufini. Na mgeni tutakayemfuata si jamaa yetu aliyekwenda huko kusoma au kutafuta riziki. Ni Mmarekani.

Huenda msomaji akauliza, yatuhusu nini sisi safari ya Mmarekani kwa Wazungu wenzake? Jibu letu ni kwamba mgeni huyo anatufaa kwa sababu yapo mambo mawili anayoamini ameyamudu kuliko watu wengi duniani. La kwanza ni kuzungumza na mtu asiyemjua. La pili ni kuendesha gari. Mmarekani hukua ndani ya gari. Katika majimbo mengi ya nchi yake kijana wa miaka 16 hupewa leseni ya udereva, na miji mingi ya huko haiendeki kwa miguu. Vilevile hukua akifundishwa kutabasamu na kuuliza hali ya kila anayekutana naye dukani, katika lifti na kwenye foleni. Anapofika kaskazini mwa Ulaya, yote mawili humgomea. Wamarekani wanaorejea kutoka huko husimulia mambo yanayofanana mno, na ndani yake limo funzo kwa kila mtu mwenye ulimi na kila mtu mwenye usukani.

Tuanze na maongezi. Katika kituo cha basi mjini Stockholm au Helsinki watu husimama kwa nafasi, kila mmoja hatua kadhaa kutoka kwa mwenzake, hata kama banda la kituo ni dogo na mvua inanyesha. Ndani ya basi, penye viti viwili vitupu na kiti kimoja kando ya abiria, mtu huchagua vile vitupu. Mmarekani akimgeukia jirani yake na kumwuliza siku yake inakwendaje, jirani hushtuka. Kwa Mmarekani maneno hayo ni salamu tu, wala hasubiri jibu refu. Kwa Mfini ni swali, na swali la kweli lastahili jibu la kweli, ambalo mtu hampi asiyemjua. Hivyo hujibu kwa neno moja na kutazama dirishani. Mgeni hudhani amechukiwa. Hakuchukiwa, ameachiwa faragha yake, maana kule kumwacha mtu na nafsi yake ni namna ya kumheshimu.

Akibahatika kualikwa nyumbani, mwaliko huja siku nyingi kabla. Akiambiwa saa kumi na mbili jioni, basi ni saa kumi na mbili, wala si na robo. Wapo wageni wanaofika mapema wakazunguka mtaa mpaka dakika itimie, kuliko kubisha hodi kabla ya wakati. Mlangoni watu huvua viatu, jambo linalomtatiza Mmarekani aliyezoea kuingia navyo hadi sebuleni. Msomaji wetu hapa atatabasamu, maana katika hili Mswidi na Mswahili wangeelewana bila mkalimani.

Ikija kahawa, kando yake huwekwa andazi la mdalasini au la iliki. Iliki haioti Uswidi; ilisafiri kutoka nchi za Bahari ya Hindi, nayo imekwisha kuwa ya kwao kiasi kwamba huitia katika mikate mitamu ya kila siku. Kahawa hiyo pamoja na andazi lake ina jina lake, nalo ni *fika*, neno ambalo kwetu lina maana ya kuwasili. Katika maofisi watu huacha kazi kwa ajili ya fika, wakaketi pamoja, na hapo ndipo wale walionyamaza ndani ya basi husikika wakicheka. Baada ya mlo mtoto humshukuru aliyepika kabla hajaondoka mezani. Na Mnorwe akikutana tena na mtu waliyekula naye, neno la mwanzo humshukuru kwa mara ile ya mwisho waliyokuwa pamoja, hata yakiwa yamepita majuma mawili. Mmarekani, aliyekwisha kusahau karamu yenyewe, hubaki akitafuta la kujibu.

Lakini mwaka 2022 jambo moja la Uswidi lilizusha mjadala ulioenea dunia nzima. Watu waliokulia au kuishi huko walisimulia kwamba utotoni, walipokwenda kucheza kwa rafiki, saa ya chakula ilipofika familia ilikaa mezani na mtoto mgeni akaambiwa asubiri chumbani hadi wamalize. Waswidi wengi walikiri kwamba desturi hiyo ilikuwapo, hasa miaka ya nyuma, nao wakaieleza: chakula kilipikwa kwa hesabu ya watu wa nyumba, na mtoto yule alikuwa na chakula chake kikimngoja kwao, hivyo kumlisha kungekuwa kuingilia mipango ya mama yake. Wengine walisema kwao haikuwa hivyo kabisa. Sisi tuliolelewa kwenye sinia la pamoja, ambapo mtoto wa jirani huambiwa nawa mikono kabla hajaulizwa jina la baba yake, hatuwezi kuipenda desturi hiyo, wala hatutajilazimisha. Hata hivyo insafu inatutaka tufahamu kwamba aliyeifanya hakukusudia uchoyo. Alichelea kuwavunjia heshima wazazi wa mtoto.

Wala kutoelewana huku si kwa upande mmoja. Mwaka 1997 mama mmoja wa Kidenmaki alikuwa mjini New York, akamwacha mtoto wake wa miezi 14 katika kigari chake nje ya mkahawa, naye akaketi ndani, kama wafanyavyo akina mama wa Copenhagen siku zote, kwa imani kwamba hewa ya nje humfaa mtoto. Polisi walimkamata, na mtoto akakaa siku kadhaa mikononi mwa walezi waliowekwa na serikali kabla ya kurudishwa kwa mama yake. Mashtaka yalifutwa baadaye. Walichokiona Wamarekani ni mtoto aliyetelekezwa. Mama yule kwa upande wake alikuwa amewaamini wapita njia, kama alivyozoea kwao.

Ukimya wa kaskazini una gharama yake, na si haki kuificha. Katika Uswidi na Ufini zaidi ya nyumba nne katika kila kumi hukaliwa na mtu mmoja peke yake. Wakati wa baridi, ambapo katika sehemu za juu kabisa jua halichomozi kwa majuma kadhaa, mtu wa namna hiyo aweza kumaliza siku asimsikie anayemwita kwa jina. Mzee aliyekaa barazani mwa nyumba ya Kiswahili, hata awe fukara, hupata salamu ishirini kabla ya adhuhuri. Hiyo ni mali, na wenye nayo wasiidharau.

Sasa Mmarekani wetu anachukua gari la kukodi. Yumkini atapewa la gia za mkono, ilhali kwao amezoea gari linalobadili gia lenyewe. Akiwa Norwe huenda akapewa la umeme, kwani mwaka 2024 takriban magari tisa katika kila kumi mapya yaliyouzwa nchini humo yalikuwa ya umeme. Anaingia barabarani akiwa na uhakika, na punde uhakika humwishia. Kwao, katika sehemu nyingi, dereva aweza kukunja kulia hata taa ikiwa nyekundu, akishasimama na kuona njia ni tupu. Huku nyekundu ni nyekundu. Huku, penye makutano yasiyo na alama, anayetokea kulia kwako ndiye mwenye haki ya kupita, hata akitoka katika njia ndogo. Uswidi taa za mbele huwashwa mchana kutwa, sheria iliyoanza mwaka 1977. Kamera za kupima mwendo nazo hazifichwi: kibao humtangulia dereva kumwarifu kwamba mbele ipo kamera, kwa kuwa kusudio ni apunguze mwendo, si anaswe.

Kisha anafika kwenye kivuko cha waenda kwa miguu, na hapa ndipo wasafiri wengi husema walipigwa na butwaa. Mwenda kwa miguu bado hajashuka barabarani, anakaribia tu. Gari la mbele linasimama. La upande wa pili nalo linasimama. Hakuna honi wala mkono unaopungwa kwa haraka. Tangu mwaka 2000 sheria ya Uswidi inamlazimu dereva kumpisha mtu aliye kwenye kivuko kisicho na taa au anayekaribia kukiingia, nao wameizoea mpaka imekuwa tabia. Yule mtu ambaye asubuhi hakumjibu Mmarekani salamu ndani ya basi, jioni amesimamisha gari ili mtoto asiye wake avuke bila kukimbia.

Usiku kuna karamu. Wengi wa wenyeji ni watu wa kunywa, na hilo si siri. Lakini mgeni huona mezani mtu mmoja akishikilia maji usiku kucha, maana ndiye atakayeendesha, au huona wote wameacha magari nyumbani. Norwe iliweka katika sheria kikomo cha pombe katika damu ya dereva tangu mwaka 1936. Leo katika Norwe na Uswidi kikomo hicho ni 0.2 katika kila sehemu 1,000 za damu. Karibu majimbo yote ya Marekani huruhusu hadi kufikia 0.8, yaani mara nne zaidi. Sisi ambao pombe hatuitaki mezani wala barabarani tunaliona hapa jambo la kuzingatiwa: hata watu walioihalalisha vinywani mwao wameiharamisha kwenye usukani.

Nje ya mji yapo mengine. Majira ya baridi tairi hubadilishwa, zikafungwa zile za theluji, nyingine zikiwa na misumari midogo ya kushika barafu. Vibao vya pembetatu huonya juu ya elki, mnyama wa jamii ya kulungu mwenye miguu mirefu na uzito unaoweza kupita kilo 400. Gari likimgonga, huikata miguu yake, na kiwiliwili kizima huangukia kioo na waliokaa mbele. Kaskazini mwa Ufini wapo kulungu wa kufugwa wanaorandaranda barabarani, na kila mmoja ana mwenyewe. Anayemgonga hana ruhusa ya kwenda zake. Ni wajibu wake kutoa taarifa ili mwenye mnyama ajulishwe.

Na anayekaidi mwendo? Ufini tangu mwaka 1921 ina utaratibu wa kutoza faini kwa kuzingatia pato la mkosaji, nao hutumika pia kwa wanaozidisha mwendo kwa kiasi kikubwa. Mwaka 2002 mmoja wa wakuu wa kampuni ya Nokia alitozwa euro 116,000 kwa kuendesha pikipiki kwa kilomita 75 kwa saa, mahali penye kikomo cha 50 mjini Helsinki. Baadaye faini hiyo ilipunguzwa sana, ikaonekana pato lake lilikuwa limeshuka, lakini kanuni ilibaki pale pale: adhabu isiwe kwa maskini msiba na kwa tajiri nauli. Mmarekani, ambaye kwao tajiri na mhudumu wa mkahawa hulipa faini moja ya mwendo, huisikia habari hiyo akatikisa kichwa. Sisi tunadhani ina uadilifu ndani yake.

Msomaji asije akadhani kwamba watu wa kaskazini walizaliwa na nidhamu hiyo. Uswidi iliendesha upande wa kushoto, kama tunavyoendesha sisi Afrika Mashariki, hali majirani zake wa nchi kavu wanaendesha kulia, na magari yake mengi yalikuwa na usukani upande wa kushoto tayari. Mwaka 1955 wananchi waliulizwa kwa kura kama wahame. Takriban 83 katika kila mia walikataa. Serikali hatimaye iliamua vinginevyo. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Septemba 1967, muda mfupi kabla ya saa kumi na moja, kila chombo kilichokuwa barabarani kilisimama, kikahamia kulia taratibu, kikangoja saa itimie, ndipo kikaendelea. Aislandi ikafuata Mei 1968. Jambo ambalo watu wengi walilikataa lilifanyika kwa utulivu, kwa kuwa kila mmoja aliamini kwamba mwenzake naye atahama.

Kabla ya hapo, mwaka 1959, mhandisi Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo alibuni mkanda wa kiti unaoshika mwili katika sehemu tatu, huu tunaoujua leo, na kampuni hiyo ikawaachia watengenezaji wengine wautumie. Mwaka 1997 bunge la Uswidi likapitisha azimio kwamba lengo la nchi ni kufika mahali ambapo hakuna anayekufa wala kujeruhiwa vibaya barabarani. Msingi wake ni huu: mwanadamu atakosea, basi barabara na ijengwe hivi kwamba kosa la dakika moja lisiwe hukumu ya kifo. Wakaweka mizunguko mahali pa makutano ya hatari, na uzio wa nyaya katikati ya barabara ili magari yasikutane uso kwa uso. Norwe, walipochimba handaki la Lærdal lenye urefu wa kilomita 24.5, lililofunguliwa mwaka 2000, walipanua mapango matatu njiani na kuyatia taa za buluu na manjano mithili ya mapambazuko, ili dereva asipatwe na hofu wala usingizi. Waliofanya hivyo waliufikiria moyo wa mtu watakayekuwa hawamjui.

Matokeo yanahesabika. Mwaka 1997 Uswidi ilipoteza watu 541 barabarani. Miaka ya 2021 hadi 2023 idadi ilikuwa kati ya 200 na 230 kwa mwaka. Marekani, katika miaka hiyo hiyo mitatu, ilizika zaidi ya watu 40,000 kila mwaka. Ukilinganisha kwa idadi ya wakazi, hatari ya Mmarekani kufa barabarani ni zaidi ya mara tano ya ile ya Mswidi. Mwaka 2019 jiji la Oslo halikupoteza mwenda kwa miguu hata mmoja, wala mwendesha baiskeli. Kwa hiyo taifa linalotabasamu zaidi ndilo linalouana zaidi barabarani, na taifa linalonyamaza ndilo linalofikisha watoto wake nyumbani.

Je, tuseme basi kwamba salamu haina faida? Hasha. Neno salamu na neno salama yametoka katika shina moja. Anayekusalimu anakuahidi kwamba kwake uko salama: hatakudhuru kwa ulimi wala kwa mkono. Ahadi hiyo haiishii barazani. Mtu akishaingia garini, mkono wake umekuwa tani moja ya chuma, na njia pekee iliyobaki ya kutimiza ahadi yake ni kukanyaga breki. Kwa maana hiyo Mswidi aliyenyamaza ndani ya basi kisha akasimama kwenye kivuko ametoa salamu, ingawa hakufungua kinywa. Alichopungukiwa ni nusu ya kwanza, ile ya ulimi, na upweke wa nyumba zake wamshuhudia.

Ama ile methali ya jembe, Mmarekani akikaa Norwe muda wa kutosha ataikuta. Wanorwe wana *dugnad*, siku ambapo wakazi wa mtaa au jengo moja hutoka kwa pamoja, hasa wakati wa masika ya kwao, kufagia majani, kupaka rangi uzio na kutengeneza uwanja wa watoto, bila ujira. Mgeni anayeshika reki siku hiyo hupewa kahawa, huulizwa jina, na tangu hapo hujibiwa salamu. Watu ambao hawakufunguka kwa maneno hufunguka kwa kazi. Sisi tulilijua hilo zamani, tukalitia katika methali, ingawa siku hizi kumpata kijana wa kufagia uchochoro wa mtaa wake si jambo jepesi.

Tunabaki na swali la nyumbani kwetu. Tunayo nusu ya kwanza ya salamu, tena kwa utajiri. Dereva wetu hupunguza mwendo kumwamkia shikamoo mzee aliyekaa barazani. Mzee huyo huyo akisimama saa moja baadaye kando ya kivuko, huku bakora ikimtetemeka mkononi, dereva huyo huyo humpigia honi akimbie. Watoto wa madrasa na wa shule wamejifunza kuvuka kwa mbio, wakishikana mikono, kana kwamba barabara ni mto wenye mamba. Abiria ndani ya daladala huona mwendo umezidi, akanyamaza kuliko yeyote wa Helsinki.

Hayo hayangoji bunge wala mhandisi. Baba anayempeleka mwanawe asubuhi aweza kusimama kwenye kivuko leo, na mwanawe akamwona. Mama aliye ndani ya daladala aweza kumwambia dereva, mwanangu, punguza, sote tuna watu wanaotungoja. Mwenye bodaboda aweza kukataa kubeba watoto watatu hata akiahidiwa nauli nono. Tukiyafanya hayo pamoja na shikamoo zetu, na sinia letu la pamoja, hatutakuwa na la kumwonea wivu Mswidi, ila pengine theluji yake.

Juma lijalo, inshaallah, tutarejea katika maswali ya wasomaji juu ya malezi ya mtoto aliyeachwa na bibi yake.